Mberoshi Ulio Kwenye Kopo

Katoyi, Goma, Jumanne, baada ya sala ya adhuhuri.

Ee Mungu, uliyemwita Abrahamu atoke katika nyumba ya baba yake, nawe ukamjua pia yule baba aliyebaki, ambaye Maandiko hayatuambii aliishije baada ya siku ile: kaa nami mezani hapa, uushike mkono wangu, usiandike neno la uongo.

Kwako Sifa, mwanangu wa pekee, binti wa marehemu Mauwa, mjukuu wa watu wa milima ya Masisi. Nakusalimu kwa amani ya Bwana. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Nakuuliza hali yako, ingawa asubuhi hii tulikunywa chai pamoja, kwa kuwa walimu wangu wa seminari ndogo walinifundisha kwamba barua huanza kwa kuuliza hali, na kwa kuwa kesho saa kama hii sitakuwa na mtu wa kumwuliza.

Umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya. Najua wataimba, na wimbo mmoja utazaa mwingine, kwa hiyo nina muda wa kutosha. Nimeweka meza karibu na dirisha. Begi lako limesimama pembeni ya mlango tangu jana, na kila ninapoinua macho naliona.

Usitafute humu maagizo ya safari. Shuka, dawa ya malaria, karatasi za kuonyesha mpakani Bunagana, mambo hayo shangazi yako amekwisha kuyasema mara tatu, na mara ya tatu nilikuona ukimalizia sentensi zake kabla hajafika mwisho. Mimi nina jambo moja, nalo ni jibu la swali uliloniuliza wiki mbili zilizopita.

Ulirudi kutoka paroki, ukanikuta jikoni nikimenya viazi. Ulisema, "Papa, padri amenikamata mukono, akasema: Sifa, mara hii usibadilishe tena mawazo. Sasa mimi nilibadilisha mawazo siku gani?" Nilicheka. Nikakujibu, "Padri anazeeka, anachanganya wasichana wa paroki." Ulinitazama kidogo, kisha ukachukua kisu cha pili, ukakaa, tukamenya pamoja.

Padri hazeeki, mwanangu. Yeye ni mdogo wangu kwa miaka mingi, na kumbukumbu yake ni safi. Aliyekuchanganya ni mimi.

Mwaka jana, wakati wa Kwaresima, aliniita sakristiani baada ya misa. Wale masista wenye chuo cha kilimo ng'ambo ya mpaka walikuwa wametoa nafasi moja kwa msichana wa paroki yetu, naye alikuwa amewapelekea jina lako, nao walikuwa wamelikubali. Aliniambia, "Papa, umuulize mutoto. Ndiyo ao hapana, nijue Jumapili." Nilirudi nyumbani. Ulikuwa umepika sombe, yale majani ya muhogo. Tulikula, nikasifu chumvi, sikukuuliza. Jumatatu sikukuuliza. Jumatano ulinifulia kanzu ya kuhudumia altare, ukainyoosha kwa pasi ya makaa, ukaitundika kwenye msumari, nami nikaitazama ikining'inia pale na bado sikukuuliza. Jumapili nikarudi sakristiani, nikasema kwa sauti yangu ya kusomea Injili: "Sifa anasema hapana. Anasema hawezi kuniacha peke yangu."

Padri aliniwekea mkono begani. "Mungu amekupa mutoto wa kweli," akasema. Nami nikainamisha kichwa kama mtu anayeshukuru.

Wiki ileile niliwafundisha watoto wa Komunyo ya kwanza amri ya nane: usiseme uongo.

Ulijua kwamba jina lako lilikuwa limetumwa, maana padri alikuwa amekuomba karatasi za shule. Baada ya Pasaka uliniuliza kama masista wamejibu. Nikasema, "Bado. Labda wamemchukua mwingine." Ukasema, "Haina kitu, Papa," ukaendelea kufagia. Zamani ulikuwa ukiimba ukifagia. Tangu siku ile ulifagia kimya. Nilisikia ule ufagio juu ya mawe ya ua wetu kila asubuhi, na nilijua ni nini kilichopungua ndani ya sauti yake, nami ndiye niliyekipunguza.

Kama ukiniuliza kwa nini, sitaficha. Tangu mama yako alipotutoka, mimi huamka kabla ya kengele ya paroki, na kila asubuhi kuna kitambo ambacho sijui kama nyumba hii ina mtu. Kisha nasikia wewe ukimimina maji kwenye beseni. Basi. Kwa ajili ya sauti hiyo ya maji nilikunyima mwaka mzima wa maisha yako, nikakuacha uamini kwamba hukutakiwa.

Sasa nitakueleza jinsi nilivyofumbuliwa macho, kwa sababu ulikuwapo, ila hukujua ulichokuwa ukikitazama.

Unalikumbuka kaburi la mama yako kabla ya kutengenezwa. Pale makaburini udongo haufiki kina cha kiganja. Chini yake ni jiwe la volkano. Vijana wa mtaa walichimba kwa mitaimbo siku mbili. Mimi nilitaka apate kivuli. Seminari tulikuwa na njia ya kwenda kanisani yenye safu mbili za ule mti ambao sisi tunauita sipre na Maandiko yanauita mberoshi, mrefu, mweusi kidogo, ulionyoka kama mishumaa ya Pasaka. Nilipokuwa kijana niliamini kwamba mtu akizikwa chini ya mti kama huo, amezikwa karibu na sala. Nikaleta magunia matano ya udongo kutoka Sake, nikajaza tundu kando ya kaburi, nikapanda mberoshi, na kila Jumapili baada ya misa nikaunywesha.

Mti ulikua haraka, nami nikajivuna. Sikujiuliza mizizi inakwenda wapi. Chini ilikutana na jiwe, basi ikageuka, ikatambaa pembeni, ikaingia chini ya saruji ya mama yako na kuipasua, kisha ikavuka kwa jirani. Jirani ni yule mtoto wa Mama Esperansi, aliyekufa kwa surua kabla hajaanza shule. Wewe hukuwapo siku mama huyo aliponingojea kwenye lango la makaburi. Hakunipigia kelele. Alisema hivi: "Papa katekista, mimi sina ubishi na wewe. Lakini muti yako inamuamusha mutoto yangu. Njoo uone." Nikaenda, nikaona. Kibao kidogo cha saruji kilikuwa kimeinuka upande mmoja, kama mtu anayefunua shuka. Tulisimama pale. Akasema tena, pole kabisa, "Nilimulaza muzuri, Papa. Nilimulaza muzuri."

Nilirudi kesho yake na shoka. Niliukata mwenyewe, maana sikutaka mtu mwingine alipie kiburi changu kwa jasho lake. Na Mama Esperansi mwenyewe ndiye aliyeniambia kwamba katika milima ya Masisi, mbele ya Sake, kuna muzee mwenye pepinieri, yaani kitalu, ya sipre fupi, ambazo hata zikae miaka thelathini hazipiti kiuno cha mtu, na mizizi yake inakaa palepale ilipowekwa.

Ndivyo tulivyofunga safari ile ya mwezi wa nane, wewe katikati, mimi nyuma, na yule motari wa pikipiki aliyekuwa akiimba nyimbo za harusi kuanzia Mugunga hadi juu kabisa. Unakumbuka baridi ile? Ulinifunga kitenge chako shingoni, nikakataa, ukanifunga hata hivyo. Tulipoacha njia kubwa na kupanda kwa miguu kati ya malisho ya ng'ombe, ukungu ulikuwa mzito hata tukaisikia pepinieri kabla ya kuiona. Muzee Kasereka alikuwa akikohoa na kuisemesha miti yake.

Nimeingia makanisa mengi katika maisha yangu, lakini mahali pale niliingia nikavua kofia bila kufikiri. Ngazi za udongo zilipanda mlima moja juu ya nyingine, na juu ya kila ngazi miti ilikaa katika makopo ya mafuta, katika madumu yaliyokatwa, katika masufuria yaliyotoboka. Miberoshi na misonobari, yote mizima, yenye gome la mti mzee na harufu ya mti mzee, na hakuna hata mmoja uliofika kifuani pangu. Mingine ilikuwa mviringo kama kabichi. Mingine ilitambaa juu ya mawe. Palikuwa na ule wa rangi ya moshi, ulioushangaa hadi ukapiga magoti, na muzee akakukemea, "Wee mutoto, usiguse hiyo ya bleu, iko na kiburi, inaweza kukauka sababu ya kidole moja tu!" Ukarudisha mkono kama uliyeungua. Akacheka hadi akakohoa. "Ninakudanganya. Gusa."

Alitusimulia kwamba alikuwa mtunza bustani wa masista wazungu, na kwamba wao walikuja na miti ile ikiwa vijiti ndani ya kitambaa chenye maji. Masista walipozeeka na kurudi kwao, walimwachia yote. Watoto wake walishuka Butembo kwa biashara. Mke wake alifariki. Nikamwuliza, "Muzee, unaishi huku peke yako?" Akatazama ngazi zake. "Peke yangu namna gani? Hii yote inakunywa maji kila asubuhi." Wewe ulicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilimwona mtu aliyejijengea nyumba ya vitu visivyoweza kuondoka.

Nilimwuliza anatumia dawa gani kuifanya mifupi. Nilidhani anaikata mizizi, au anaibana. Alinikasirikia kidogo. "Hapana, Papa. Mimi si mwenye kutesa miti. Hii imezaliwa hivi." Akatuonyesha mberoshi mkubwa kwenye mpaka wa shamba, na juu sana, katikati ya matawi yake, kitu kama kiota cha ndege, matawi madogo yaliyosongamana. Alisema mti mrefu mara moja moja huzaa fundo kama lile, na ukipanda kijiti kutoka ndani ya fundo, kitaota kifupi na kitabaki kifupi, kwa furaha yake. Wewe ulimwuliza maswali ambayo mimi nisingeyajua hata kuyaanza: wanakata mwezi gani, kisigino cha kijiti, ile ncha ya chini, kinabanduliwa vipi, udongo gani, kwa nini kivuli. Alikujibu kama mtu anayejibu mwenzake wa kazi. Kisha akanigeukia, akasema, "Papa, huyu mutoto iko na mukono. Muniachie yeye, nitawapatia miti kumi."

Ukamjibu haraka, "Muzee, nikibaki huku Papa atakufa na njaa. Hajui hata kusonga fufu."

"Basi ajifunze!" akasema. "Mimi nilijifunza nikiwa nimebaki na meno mbili."

Mlicheka nyote wawili. Nilitazama upande wa makopo.

Nilichagua mberoshi ambao ulinipendeza kuliko yote kwa sababu juu ya ile duara yake ya kijani palikuwa na tawi moja jembamba lililosimama wima, jepesi, lililozidi mengine kwa urefu wa kidole. Nilisema, "Huu una uhai." Muzee Kasereka akatikisa kichwa. "Hapana, Papa. Hiyo tawi ndiyo inaukataa ufupi. Mara moja moja muti inakumbuka mama yake, ile murefu. Inatoa tawi moja ya kwenda juu. Ukiiacha, itakula nguvu yote, na hii fupi itakufa chini ya kivuli yake." Akatoa kisu mfukoni, akakukabidhi wewe. "Kata, mutoto. Karibu na shina."

Hukukata. Ulishika kisu, ukaligusa lile tawi kwa kidole. Ukamwuliza, "Limekosa nini?"

"Haikukosa kitu. Iko muzuri kabisa. Lakini hapa kwa kopo haina nafasi, na kule kwa kaburi haina nafasi. Papa yako anatafuta muti ya kubaki fupi."

Uliniangalia. Na mimi, Sifa, kabla hujafungua kinywa, nilichukua kisu mkononi mwako, nikakata. Nilikata upesi, kwa pigo moja. Hadi leo sielewi kwa nini niliharakisha namna ile kama si kwamba kuna kitu ndani yangu kilichokuwa kimelitambua lile tawi.

Uliliokota chini. Muzee akakuonyesha jinsi ya kubandua gome kidogo kwenye kisigino, ukalifunga katika kona ya kitenge kilicholowa, ukalishika kifuani njia nzima. Mimi nilipakata mti mfupi mapajani, wewe ulikuwa na kitu chako kwenye kitenge, na motari alipotuuliza Sake kama tumemaliza shughuli zetu vizuri, ulisema ndiyo, na mimi nikasema ndiyo.

Ule mfupi unauona kila Jumapili. Umeshika pale kaburini, haujasumbua mtu, na Mama Esperansi ameanza kuunywesha siku ambazo sifiki. Hilo lilikuwa chaguo jema. Lakini tawi lako ulilipanda katika kopo la maziwa ya unga ulilolitoboa chini kwa msumari, ukaliweka nyuma ya pipa la maji ambako jua halipigi sana. Nikuungamie na hili: nilitaka life. Nilipita pale kila siku nikiomba kimoyomoyo lionekane kahawia. Mwezi ukaisha, miwili, mitatu, likabaki vilevile, halifi wala halioti, na wewe hukuacha kulinyunyizia maji kwa ncha za vidole. Ulipokwenda Kiwanja kumzika babu yake rafiki yako, uliniagiza jambo moja tu: "Papa, usisahau kopo yangu." Siku ya kwanza nilisahau kwa makusudi. Siku ya pili nilichukua kikombe cha maji nikaenda, kwa sababu niliogopa macho yako utakaporudi. Nililiinua kopo ili nione kama lingali na unyevu, na chini, katika lile tundu la msumari, palikuwa pametoka mzizi mmoja mweupe, mdogo kama uzi wa kushonea.

Nilikaa juu ya jiwe na kopo mikononi hadi miguu ikafa ganzi. Nilikuwa nimekata, nilikuwa nimeomba life, nilikuwa nimeacha kulinywesha, na lenyewe lilikuwa likitafuta njia gizani chini ya pua yangu bila kunichukia. Nililia, mwanangu. Sikulia hivyo hata mbele ya jeneza la mama yako, kwa sababu siku ile watu walikuwa wakinitazama.

Nilikwenda kuungama. Nilikwenda paroki nyingine, ng'ambo ya mji, nisitambuliwe sauti, na mpaka leo naona aibu kwamba hata toba niliitafutia maficho. Yule padri mgeni alinisikiliza, akaniambia malipizi yangu si rozari: "Rudisha ulichochukua." Basi nikaenda kwa padri wetu. Na hapo, nikiwa nimekusudia kusema kweli, nikasikia mdomo wangu ukisema: "Padri, Sifa amebadilisha mawazo. Kama nafasi ikipatikana tena, angependa." Unaona? Nilirudisha kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto nikakuacha umebeba kosa langu. Padri aliandika tena kwa masista, wakajibu, na ndiyo maana begi liko mlangoni. Ndiyo maana pia alikushika mkono akakuonya, wewe usiyekuwa na kosa, usiwe msichana wa kigeugeu.

Leo asubuhi, baada ya misa, ulipotangulia kurudi nyumbani, nilibaki. Nilimweleza yote, nimesimama palepale sakristiani niliposema uongo wa kwanza. Alikunja stola yake. Halafu akasema, "Na yeye, amejua?" Nikasema nilikuwa na nia ya kukuandikia barua, niiweke ndani ya begi, uikute njiani baada ya Bunagana. Akanitazama kama ninavyowatazama watoto wa katekisimu wanaposema wameisahau sala nyumbani. "Papa," akasema, "ukimupa barua wakati hawezi tena kukujibu, utakuwa umejibu kwa kinywa chake mara ya tatu."

Kwa hiyo hutaikuta barua hii ndani ya begi. Nitaiweka mkononi mwako utakapoingia, kabla ya chakula, jua likiwa bado juu, ili uwe na jioni yote ya kuniuliza utakachotaka. Nimeiandika kwa sababu najijua: nikianza kusema kwa mdomo, nitajipamba, nitataja Maandiko, nitalia mapema ili unihurumie. Karatasi haina machozi. Isome polepole. Sitakaa mbele yako ukiisoma. Nitakuwa nyuma ya nyumba, karibu na pipa.

Sitakuomba unisamehe kabla ya safari, maana hiyo nayo ingekuwa kukuharakisha. Ukikasirika, kasirika. Mama yako alikuwa akikasirika vizuri, kwa sauti ya chini na kwa maneno machache, na ulipokuwa mdogo nilimwona akikufundisha bila yeye mwenyewe kujua. Ukitaka kulala kwa shangazi leo, nitakusindikiza hadi mlangoni kwake na nitakuwa kituo cha basi alfajiri, nikisimama mbali kama utataka nisimame mbali. Kama utataka kwenda kwa padri umwambie kwa kinywa chako kwamba hukuwahi kusema hapana, nenda. Anakungojea, nilimwomba asitoke.

Kuhusu mimi usiogope. Wiki hizi, ulipokuwa mazoezini, nimejifunza kusonga fufu. Mara ya kwanza mbuzi wa jirani aliikataa. Mara ya nne nilikula mwenyewe nikamaliza. Asubuhi nitaamka kabla ya kengele, na nyumba itakuwa kimya, na kitambo kile nitakipita kama wazee wengine wanavyokipita. Nitamimina maji kwenye beseni mimi mwenyewe na kuyasikiliza. Nakuambia haya usije ukadhani nimeyaandika yaliyotangulia ili ubaki. Nenda. Neno hilo ndilo nililopaswa kulisema mwaka jana.

Jambo la mwisho ni lile kopo. Mberoshi wako sasa umefika urefu wa kalamu na robo, na mizizi yake inazunguka ndani ya bati ikitafuta mahali. Hauwezi kukaa kaburini. Katika ua wetu utakutana na jiwe. Kuna udongo wenye kina kwa muzee Kasereka. Kuna shamba la shangazi yako Kiwanja. Labda kuna udongo huko uendako, na wewe ndiwe utakayejifunza kuujua. Nilikuwa nimekwisha kuamua. Nilikuwa nimekwisha hata kuzungumza na yule motari wa nyimbo za harusi. Kisha nikamwambia aache. Nimelitoa kopo nyuma ya pipa, nimelipangusa, nimeliweka mlangoni karibu na begi lako. Sifa, mwanangu, unataka mti huu upandwe wapi? Nakuuliza wewe, nami nitangoja jibu, liwe la leo, liwe la kesho kituoni, liwe la barua utakayoiandika baada ya mwaka. Sitalijibu kwa niaba yako.

Bwana aliyekuumba bila kuniuliza akulinde bila kunihitaji. Aibariki njia ya Bunagana na dereva wake. Aibariki nyumba ya masista watakaokupokea, kitanda chao, chungu chao, na wasichana utakaolala nao chumba kimoja, wawe wenye kucheka. Aibariki nyumba hii ndogo ya Katoyi, iliyowahi kuwa na watu watatu, ikawa na wawili, na kesho itakuwa na mmoja. Na mlango wake, utakaporudi, ukukute umesimama wima.

Baba yako,
katekista wa paroki.